Mbah Ngatirah Aoza Mawe Yake

Nyumbani kwa Mbah Ngatirah huingii kifua mbele, unaingia ubavu. Mawe yamejipanga ukumbini, mawe yako chini ya kitanda, mawe yamejaa zizi ambalo ng'ombe wake aliuzwa ili yapate pa kulala. Ni chobeki hizo, masahani mazito ya jiwe jeusi la volkano ya Merapi, ya kusagia pilipili, kila moja na mchi wake. Wanaume wa Muntilan, mji huu wa Java, huchonga, Mbah Ngatirah huuza, na mchongaji anayemletea jiwe lenye ufa hurudishiwa jiwe lake pamoja na maneno. Wote humwita Mbah, bibi, hata wanaolingana naye umri, kwa kuwa si mtu wa kuitwa jina tupu.

Zamani aliuzia kando ya barabara kuu. Marehemu mumewe Sarjono akichonga, yeye akiuza, mpaka vumbi la mawe likamaliza kifua cha mume, na barabara mpya ikachukua magari yote ikapita nayo kwingine. Watu wakasema basi, bibi sasa atakaa alee wajukuu. Mkwewe Tutik ndiye aliyemfungulia duka ndani ya simu, kwenye soko lile ambalo mtu wa Medan ananunua kwa mtu wa Muntilan na hawajaonana sura. Mwanzoni Mbah alilicheka.

"Nani atanunua jiwe asiloligonga?" alisema.

Na hapo alikuwa na haki. Chobeki hununuliwa kwa sikio. Unaligonga kwa kifundo cha kidole, likilia kama kengele ni zima, likijibu kama ubao lina ugonjwa ndani. Basi akaamua kwamba wateja wa simuni atawagongea yeye. Kila jiwe hugongwa, husikilizwa, huvikwa maganda makavu ya mgomba na majani ya mpunga, ndipo linaingia kwenye boksi. Tutik anachapisha lebo, Mbah anafunga selotepu, anaikata kwa meno. Duka likashika. Nyota zikawa zinaingia, na wateja wakawa wanaandika kwamba jiwe limefika zima, limelala kwenye majani kama yai.

"Samaki huoza, nyanya huoza," huwaambia wanawake wenzake sokoni, kidevu juu. "Jiwe haliozi. Likae mwaka, likae miwili, lile lile."

Mwanawe Purwoko, mume wa Tutik, anafanya kazi Semarang na hurudi mwisho wa wiki. Yeye ndiye aliyeleta habari za ghala. Ilikuwa Idi, ukoo mzima umekaa, ketupat, wali uliopikwa ndani ya makuti yaliyosukwa, ziko mezani, naye akasafisha koo.

"Mama, soko lenyewe lina ghala kubwa kule Semarang. Unawapelekea mawe yote mara moja. Wanakuwekea wao, wanafunga wao, wanatuma wao. Wewe kazi yako ni kukaa."

"Kukaa nilikaa tumboni mwa mama yangu. Ilitosha."

"Mama, watu wananisema. Wanasema Purwoko anavaa shati la pasi mjini, mama yake mzee anabeba mawe."

"Waambie sijawabeba wao."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitaangukia vitu vyangu. Vitu vyangu vikilala kwa watu, mimi nitalala wapi?"

Purwoko si mtoto mbaya. Alikuwa na hofu ya kweli, na hofu ya mtoto kwa mzazi huwa haina adabu nzuri, hutoka kama amri. Sauti zikapanda. Pak Lik Mulyo, mdogo wake marehemu Sarjono, aliyekuwa akiona chakula kinapoa, akaingia kati.

"Wekeaneni sharti, tule."

Ndipo likawekwa, mbele ya wajomba na mashangazi. Desemba, tarehe na mwezi zinapofanana, soko la simuni hushusha bei na watu hununua kama wamechanganyikiwa. Oda zote za siku hiyo lazima ziingie kwenye gari la mwisho la kesho yake, la Alasiri, la sivyo duka linawekewa alama mbaya. Purwoko akasema kifurushi hata kimoja kikikosa gari hilo, mawe yote yanakwenda Semarang, na mama anakaa.

"Na visipokosa?" Mbah akauliza.

"Visipokosa, ghala sitalitaja tena mbele yako."

"Wala nyuma yangu," akasema Mbah, akachukua ketupat.

*

Desemba ikaja na mvua yake. Siku yenyewe ya punguzo, ile mashine ndogo ya Tutik ilitapika lebo tangu alfajiri mpaka ikawa moto, ikabidi wailaze ipumzike. Mbah alikuwa amejiandaa. Hakuwa ameonekana sokoni kwa siku kadhaa, amejifungia na mawe yake, anagonga na kupanga. Maboksi matupu aliyaweka zizini, yamefika juu.

Alfajiri ya kesho yake, wakati wa kufunga mizigo, paa la zizi likakubali mvua. Halikuanguka, lilifunguka tu katikati, na maji yakashuka kwenye maboksi kama yameelekezwa. Walipoyatoa, yaliyokuwa chini yalishakuwa uji. Mabaki yalitosha, Tutik aliyapima kwa macho akasema yanatosha, lakini yatawekwa wapi? Ndani hakuna pa kugeuka. Nje mvua. Boksi likiloa hata nusu, jiwe linatokea chini kabla halijafika Magelang.

"Nenda kwa Pak Dalimin," Mbah akamwambia mkwewe. "Kaombe turubai la mtaa. Tulifunge hapa uchochoroni, tufungie chini yake."

Tutik akaenda. Pak Dalimin, mkuu wa mtaa, hakuwepo. Mkewe ndiye aliyefungua mlango. Na Tutik amelelewa vizuri, hawezi kufika kwa mtu alfajiri akatoa shida yake kama anayetupa kuni. Aliinama, akaulizia afya ya watoto, akasifia maua, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tumekuja kuomba turubai. Ni kwa ajili ya Mbah."

Mke wa Pak Dalimin naye amelelewa vizuri. Mtu akija na sauti ya chini kuomba turubai kwa ajili ya mkwe wake, humuulizi kwa nini. Alimshika mkono tu, machozi yakamlengalenga, akamwita mtumishi wa msikiti asaidie kubeba.

Basi turubai likasimama uchochoroni, lile la buluu lenye pindo nyeupe, na viti vya plastiki vikaja navyo vikiwa vimepandana. Mbah akafurahi, akavitumia viti kama meza. Hakuwaza lingine. Lakini mtaa uliamka, ukaona turubai kwa Mbah Ngatirah.

Harusi hutangazwa. Kinachokuja bila mwaliko ni kimoja tu.

*

Wa kwanza kuliona alikuwa jirani, Karsinem. Huyu na Ngatirah wamegombana tangu usichana: kwa kuku walioingia kwenye mboga, kwa uzio uliosogea, na kwa Sarjono ambaye, kwa mujibu wa Karsinem, alimtazama yeye kwanza. Alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, akaona pindo nyeupe, kikombe kikamtoka. Akachukua simu akampigia Purwoko. Kisha akapita nyumba kwa nyumba.

Mtu akiwa na harusi, tohara au msiba, wanawake wa Muntilan hufunga kitambaa, hubeba beseni la mchele au sukari, wakaingia jikoni kwake bila kungoja kuonyeshwa chumvi iko wapi. Hiyo ndiyo rewang. Leo kwangu, kesho kwako, na anayekwepa rewang ya wenzake siku yake itampata na sufuria tupu. Ila rewang ina heshima yake. Mwenye shughuli huomba kwa mdomo wake mwenyewe; ni msiba tu usiongoja kuombewa. Na haijawahi kufanywa kwa biashara. Anayetaka mikono ya kumfanyia biashara awaajiri.

Mbah Ngatirah alikuwa wa mbele katika rewang za watu. Kuomba yake, tangu azike mume, hakuwahi. Alijisifu kwa hilo.

Wakaja basi, kundi zima, mabeseni vichwani, mvua ikiwapiga, Karsinem mbele. Aliingia chini ya turubai akilia kilio cha kweli, si cha kuonyesha watu.

"Ee Ngatirah, umeniacha na nani wa kugombana naye?"

Mbah alikuwa ameinama nyuma ya rundo, selotepu mdomoni. Akainuka, akaitoa.

"Gombana na mimi. Ila ondoka hapo, umekanyaga lebo."

Mwanamke mmoja aliachia beseni la sukari. Mwingine akasoma Inna lillahi kwa pupa kisha akakumbuka kwamba haihusiki, akaziba mdomo. Karsinem alibaki amesimama, machozi yakiwa bado njiani yanateremka, hajui ayarudishe vipi.

"Wewe hujafa," akasema.

"Sina nafasi."

"Na turubai?"

Macho yote yakamwendea Tutik. Naye akajieleza, kwamba alisema ni kwa ajili ya Mbah, na hakusema Mbah amefanya nini. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza wa nyuma kisha wa mbele, mpaka mmoja akakaa chini. Karsinem hakucheka. Alijifuta uso kwa kitambaa.

"Machozi yangu nani atanirudishia?"

"Yaache hapo hapo. Siku yenyewe itafika, utakuwa umelipa mapema."

"Jamani twendeni," Karsinem akawaambia wenzake, amekasirika kabisa. "Hapa hakuna maiti wala bibi harusi. Hapa ni dukani."

Wakainua mabeseni.

Mbah aliwatazama wanavyoinua. Kisha akatazama mawe. Alijua tangu mapema, tangu paa lilipofunguka, ila alikuwa hajajiambia: yeye na Tutik, mikono minne, na Alasiri ile pale inakuja. Nusu isingeondoka. Akaona ukumbi wake umefagiwa, umebaki na saa ya ukutani na kiti, yeye amekaa kwenye kiti, na Purwoko anamuuliza kama amekunywa dawa. Mawe yake yako Semarang, hayagongwi na mtu.

Neno lilikuwa moja tu. Kulisema ni kama kumeza mfupa.

"Karsinem. Weka beseni chini."

"La nini?"

"Kuna shughuli."

"Shughuli gani?"

Mbah akakaza kidevu. "Naoza."

"Unaoza nani? Una mtoto mmoja, na mkewe huyu hapa ameloa."

"Naoza mawe."

Karsinem akashusha beseni ili acheke vizuri. "Wewe? Kila siku sokoni unatupasua masikio, jiwe haliozi, jiwe haliozi."

"Haliozi. Linaozwa." Mbah akainama, akainua chobeki kwa mkono mmoja na mchi kwa mwingine, akaziweka pamoja mbele ya macho yao. "Huyu mke, huyu mume. Hawa wanakwenda Makassar. Wale pale Medan, wale Bandung, kwa wakwe wasiowajua. Wanatoka kwangu leo hii kabla ya Alasiri, na hawana shangazi, hawana somo, hawana wa kuwavisha nguo ya safari." Mvua ikasikika juu ya turubai. "Nawaomba rewang."

Hawakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye mdomo ule. Karsinem alinyoosha mkono akachukua mchi, akaugeuza, akaupima kwa kiganja.

"Bwana harusi mwenyewe mfupi."

"Mfupi ndiye anayesaga vizuri," akasema kikongwe mmoja kutoka nyuma, na hapo turubai karibu ling'oke kwa kicheko.

"Shughuli bila nyama si shughuli," Karsinem akasema, bado ameshika mchi. "Kuku wako wanachinjwa wangapi?"

Mbah anawapenda kuku wake. "Wote," akasema.

"Haya. Mmesikia. Vitambaa vichwani."

*

Usimwone mwanamke wa rewang amekaa tu nyumbani kwake ukadhani ni huyo huyo. Akishaingia kwenye shughuli anakuwa mtu mwingine, anajua mahali pake bila kuambiwa. Wale wa kufunga vitafunio kwenye majani ya mgomba waliketi mkekani wakaanza kuvisha mawe, maganda ya mgomba chini, majani ya mpunga juu, pindo linaingia ndani ya pindo, vidole haviangalii. Wale wa kuosha vyombo walifuta vumbi. Waliozoea kuhesabu masahani ya wageni walikaa na Tutik kwenye lebo. Mbah alisimama katikati, kila jiwe lipite kwake, analigonga, anategesha sikio.

"Nyamazeni kidogo, sisikii jiwe."

"Liulize kwa sauti," akasema Karsinem kutoka jikoni. "Labda nalo limezeeka."

"Wewe pika."

Likitokea lenye ugonjwa aliliweka kando, na wanawake wakaanza kusema huyu bibi harusi amekataa, huyu ana mtu wake kijijini.

Gari la vifurushi haliingii uchochoroni. Jarwo, dereva wake, husimama kwenye kona ya msikiti. Siku nyingine Mbah na Tutik husukuma mkokoteni, safari baada ya safari. Lakini wanaume nao walishafika, na kofia zao nyeusi, wakiwa wamekuja kuzika. Pak Lik Mulyo akawapanga kama wanavyopangwa vijana wa harusi wanaopitisha sinia za chakula, mkono kwa mkono, kutoka jikoni hadi kwa mgeni wa mwisho, hakuna anayetembea. Mstari ukatoka chini ya turubai hadi kwenye kona, miavuli juu ya mabega, na maboksi yakaanza kutembea yenyewe.

Jarwo alipofika, na mashine yake ya kumulika lebo, aliteremka akatazama.

"Pak Lik, kuna msiba?"

"Harusi. Pokea."

Akapokea. Mashine ikalia, ikalia tena, na hakupata tena nafasi ya kuuliza.

Katikati ya hayo ndipo Purwoko alipoingia, kwa pikipiki kutoka Semarang, shati la pasi limemgandia mwilini, macho mekundu. Aliona turubai la buluu, pindo nyeupe, mstari wa wanaume wenye kofia nyeusi. Pikipiki akaiachia pale pale. Jirani wa mwisho kwenye mstari, ambaye hakumtazama hata usoni, akamsukumia boksi kifuani.

"Shika, usisimamishe foleni."

Purwoko akashika, akapitisha, akilia. Akapewa lingine, akapitisha. La tatu ndipo akapata sauti.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani. Anagomba."

"Anagomba?"

"Anagomba, bwana. Humsikii?"

Akasikia. Akatoka kwenye mstari akaenda mbio mpaka chini ya turubai, na mama yake akainua macho kutoka kwenye jiwe, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Umekuja na kofia ya maziko. Vizuri, mvua inanyesha."

Purwoko akamshika mikono, akaificha sura yake humo. Mbah akamwacha kidogo. Kisha akamwuliza Karsinem, kwa upole usiokuwa wake, ni nini alichomwambia mtoto.

"Mimi sikusema umekufa," Karsinem akasema, ungo wa vitunguu mkononi. "Nilisema 'mama yako', kilio kikanishika, simu ikakata. Mengine ni yake."

"Mama, kaa chini basi," akasema Purwoko. "Acha hii kazi. Umeona ilivyo."

"Nimeona. Rudi kwenye mstari."

Akarudi. Alikuwa upande wa ghala na alikuwa akibeba kwa ajili ya kushindwa kwake mwenyewe, alijua, lakini rewang ni rewang. Mtu hawezi kusimama mikono mfukoni wakati wazee wanapitisha mizigo.

*

Mawe yalipopungua hadi chini ya kiti, wali ulikuwa umeiva na kuku wako kwenye nazi. Karsinem akaonja pilipili kwa ncha ya kidole, kama anavyoonja mkuu wa jiko. Kitu kikalia kwenye meno yake.

Mbah alisikia sauti hiyo akiwa mbali. Anaijua kuliko jina lake.

"Nani amesaga kwa jiwe jipya?"

Chobeki ya nyumbani kwa Mbah ni ya watu watano. Karsinem alikuwa na mtaa mzima wa kulisha. Alichukua kubwa kuliko zote, ile pana kama beseni, iliyokuwa imeegemezwa mlangoni.

"Nilidhani ni ya shughuli," akasema.

Tutik alikuwa ameshika lebo ya mwisho. Hakuhitaji kuisoma kwa sauti. Ni ile kubwa, ya Mama mmoja wa Banjarmasin, na nyingine ya ukubwa huo haikuwepo. Mchongaji huimaliza moja akapumzika. Jiwe jipya hutema mchanga. Lazima lisagiwe nazi kavu, lioshwe, lisagiwe tena, siku kadhaa, ndipo chakula kinakuwa chakula. Hilo mteja hufanya mwenyewe nyumbani kwake. Hili sasa lilikuwa jekundu, limelowa pilipili ya watu wa Muntilan, na limetumika.

Kutoka kwenye kona Jarwo akapiga honi.

"Tuifute oda?" Tutik akauliza, sauti ya chini.

"Ukifuta ni sawa na kukosa gari," akasema Pak Lik Mulyo. Hakusema kwa ubaya. Sharti alilitaja yeye, hakuweza kulipindisha.

Purwoko alikuwa amesimama hapo, ameloa. Angeweza kunyamaza. "Ioshe tu, Mama," akasema. "Nani atajua?"

"Pilipili iliyoingia kwenye jiwe haitoki kwa maji. Akimsagia mtoto wake ndizi, mtoto atajua." Akamgeukia mkwewe. "Nipigie huyo Mama."

"Mbah, wateja hawapigiwi. Wanaandikiwa."

"Kuandika nitamaliza Idi ijayo. Piga."

Tutik akapiga, akaiweka simu isikike. Sauti ya mwanamke ikaja, na nyuma yake watoto.

"Mama, hapa ni Muntilan, duka la mawe," akasema Mbah, akipaza sauti kama Banjarmasin iko ng'ambo ya shamba. "Jiwe lako limesagiwa pilipili. Makosa yamefanyika jikoni kwangu. Sikufichi. Ukisema hulitaki pesa yako inarudi, na mimi sitakuwa na kinyongo."

"Limesagiwa?" sauti ikauliza. "Limesagiwa sana?"

"Mtaa mzima unakula."

"Na mchanga?"

Mbah akamtazama Karsinem, aliyekuwa bado anatafuta mchanga ulimini kwa kidole. "Wa kwanza umeshaliwa."

Kule Banjarmasin mtu akacheka. "Mbah, nililonalo nilinunua jipya. Nilisaga nazi mpaka mkono ukavimba, na bado mume wangu akawa ananiuliza kama tunakula ufukwe wa bahari. Nitumie hilo hilo. Lioshe tu lisinuke njiani, mchanga uliobaki nitaumalizia. Na kama unayo mengine yaliyokwisha kufunguliwa hivyo, yakatemeshwa mchanga, dada yangu anataka, na jirani naye."

Mbah akalitazama lile jiwe jekundu, akahesabu kwa vidole. Alikuwa akifikiri kama mfanyabiashara. "Yatakuwepo," akasema. "Ila yatakuwa na bei yake."

Wanawake watatu walilirukia jiwe kwa maji moto na chumvi. Likafutwa, likakaushwa juu ya jiko, Mbah akaligonga mara moja, likalia. Likavikwa, likafungwa, Tutik akabandika lebo na kuipiga kofi. Likaingia kwenye mstari na wote wakalisindikiza kwa macho, bega kwa bega, mwavuli kwa mwavuli, hadi mikononi mwa Purwoko, ambaye sasa alikuwa wa mwisho kabisa, pale kwenye gari. Adhana ya Alasiri ilikuwa inaanza. Purwoko alilishika jiwe la mama yake kwa muda wa pumzi moja tu, kisha akampa Jarwo.

Mashine ikalia. Jarwo akafunga mlango.

*

Walikula chini ya turubai, wali wa mabeseni yao wenyewe na kuku wa Mbah, wakitafuna kwa uangalifu. Jarwo alifungiwa chake kwenye jani akaondoka nacho. Pak Lik Mulyo alisubiri Purwoko avue kofia.

"Haya," akamwambia. "Tulikuwa mashahidi."

Purwoko akatoa simu. Hakwenda pembeni; alisimama pale pale mbele ya mama yake na mtaa. "Ile nafasi ya ghala niliyokuomba, mpe mtu mwingine," akamwambia aliyekuwa upande wa pili. "Hapana, hana mzigo wa kuleta. Hapana, hakufa, walikosea. Ameshinda." Akaiweka simu mfukoni. "Nimesema, Mama. Na wiki ijayo nakuja na mabati ya zizi."

"Njoo na marefu," akasema Mbah, hakuinua macho kutoka kwenye sahani. Lakini alimsogelea, akampa paja la kuku, na kwa mama yule hicho ndicho kilikuwa kikubwa cha kutoa.

Karsinem alikuwa anafunga mafungu ya chakula cha kila aliyesaidia kwenda nacho nyumbani, kama desturi inavyotaka. Lake alilifunga la mwisho na lilikuwa kubwa kuliko mengine.

"Mnaolala karibu na wachongaji," Mbah akasema, sauti imerudi ile ile ya sokoni, "mkipita waambieni kesho asubuhi nataka mawe. Yenye sauti. Na wewe Karsinem uje mapema na nazi kavu, kuna mawe ya kufungua. Hiyo si rewang. Hiyo nitakulipa."

"Utanilipa nini?"

"Njoo kwanza, tutagombana hapo hapo."